Kutoka tope la lambo hadi bakodi ya vinasaba: mwongozo kwa anayeanzia Dodoma

Mwaga kilichomo kwenye wavu juu ya sinia jeupe, ongeza maji ya kina cha vidole viwili, kisha tulia. Mwanzoni huoni kitu zaidi ya tope na majani yaliyooza. Baada ya dakika moja hivi, kijiti kinaanza kutembea. Kumbe si kijiti: ni buu aliyejijengea nyumba ya vipande vya majani, kachomoza kichwa na miguu yake sita, anajikokota. Pembeni yake wapo konokono wawili, mmoja gamba lake limejisokota kuelekea kushoto, mwingine bapa kama kitufe cha koti. Ruba naye analipima sinia kwa kujikunja na kujikunjua, kama fundi cherehani anayepima kitambaa kwa shibiri.

Sasa jaribu kuwapa majina. Funguo za utambuzi, yaani vitabu vya kukuongoza hatua kwa hatua hadi jina la mnyama, zinazopatikana kirahisi ziliandikwa kwa ajili ya mito ya Ulaya au ya kusini mwa Afrika. Zitakufikisha kwenye familia, ukibahatika kwenye jenasi, halafu zinakuacha njia panda. Kosa si lako. Majina mengi ya wadudu wa majini yalitolewa kwa kuwaangalia wadudu wazima wenye mabawa, mara nyingi madume na viungo vyao vya uzazi. Buu hana hivyo vitu. Ni kama kuonyeshwa picha ya mtoto mchanga ukaambiwa utaje ukoo wake.

Hapo ndipo bakodi ya vinasaba inapofaa. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza wanyama watambuliwe kwa kipande kifupi cha jeni moja iliyomo ndani ya mitokondria, jeni iitwayo COI. Kipande kinachotumika kina herufi, yaani besi, 658 hivi. Ndani ya spishi moja herufi hizo hutofautiana kidogo sana. Kati ya spishi na spishi tofauti kwa kawaida huwa kubwa. Buu na mdudu mzima, jike na dume, mnyama kamili na mguu uliokatika, wote wanabeba maandishi yale yale.

Mfano wa bakodi ya dukani unafaa, ila una mtego. Ile ya kwenye pakiti ya sabuni ilisajiliwa kabla sabuni haijafika rafuni. Ya konokono wa lambo haipo mahali popote mpaka mtu amshike konokono huyo, amtambue kwa macho, amhifadhi na kuweka maandishi yake hadharani. Kwa viumbe wengi wa maji ya katikati ya Tanzania, rafu bado ni tupu. Usiingie kazini ukidhani kompyuta itakutajia majina. Mara nyingi wewe ndiye utakayekuwa unalijaza daftari la duka.

Na jambo moja nalisema mapema, maana wanaoanza hawaliamini mpaka liwakute: kazi hii mara nyingi haifi kwenye mashine. Inafia ukingoni mwa maji, kwenye kichupa na kwenye lebo. Ndiyo maana huko nitakaa sana, na maabara nitapita kwa mwendo wa haraka.

Vibali, na kupiga hodi

Dodoma ina jambo zuri ambalo wenyeji wengi hawalifikirii: maji yake yanaelekea pande tatu. Kinyasungwe Ndogo, inayoingia bwawa la Hombolo, mwishowe huungana na Wami kwenda Bahari ya Hindi. Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa na kuishia kwenye bwawa la asili la Bahi, bahari haijui. Mtera, kule kusini, iko kwenye Ruaha Mkuu, mto unaomwaga maji Rufiji. Kwa mtu wa bioanuwai hilo tayari ni swali la utafiti: konokono wanaofanana sura kwenye mabonde hayo matatu ni spishi moja, au wameachana zamani na gamba tu ndilo linalotudanganya?

Kwa upande wa karatasi, maana yake ni bodi tatu za maji: Wami/Ruvu, Bonde la Kati na Rufiji. Kibali cha utafiti kinaombwa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na ukigusa eneo la hifadhi ya wanyamapori, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, nao wanahusika. Kama sampuli au hata vinasaba vilivyokwisha kutolewa vitavuka mpaka kwenda kusomwa nje, shughulikia mkataba wa kuhamisha sampuli kabla hujalowesha wavu. Ukisubiri mpaka vichupa vimejaa, vitakaa kwenye friji vikikutazama.

Kisha ofisi ya kijiji, halafu watu wa maji wenyewe. Kwenye lambo moja nje ya mji tulimkuta mzee ananywesha ng'ombe.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Samaki humtaki, unazoa uchafu?”

“Nawataka wanaoula huo uchafu, babu. Konokono, wadudu.”

Alicheka, kisha akanyoosha fimbo. “Konokono hapa huwapati, ng'ombe wanakanyaga. Nenda kule kwenye magugu, wanapochezea watoto. Na usiingie miguu mitupu. Kule watoto wanakojoa damu.”

Sentensi nne, na tayari alikuwa ametuambia makazi ya konokono, athari ya mifugo kwenye ukingo, na kwamba lambo lina kichocho. Hojaji ingechukua nusu saa.

Hatua ya 1: Chagua maji na msimu

Dodoma inapata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Makorongo yanayofurika Januari, Julai yanachimbwa mchanga. Kwa hiyo usipange “mto” kama wanavyopanga watu wa Mbeya. Panga aina za maji: korongo linalotiririka msimu wa mvua, lambo la mifugo, bwawa la kudumu kama Hombolo, chemchemi, majaruba ya mpunga ya Bahi, na vidimbwi vya mbugani vinavyodumu wiki chache tu.

Hivyo vidimbwi usivipuuze. Ndani yake wamo kamba wadogo wanaoogelea chali na jamaa zao, ambao mayai yao hukauka pamoja na tope na kukaa miaka kadhaa yakingoja maji. Faida yake kwako ni kwamba unaweza kuwakusanya wakati wa kiangazi. Kwangua udongo wa juu wa kidimbwi kikavu, sentimita mbili au tatu, sehemu kadhaa. Upeleke nyumbani kwenye mfuko wa karatasi, utie kwenye beseni, mwagia maji ya mvua, weka penye mwanga. Siku mbili hadi tatu baadaye angalia kwa lenzi, utaona vitu vidogo vinarukaruka. Waache wakue wiki mbili hivi wapate umbo linalotambulika ndipo uwatie kwenye ithanoli. Maji ya bomba yenye klorini yatawaua, na ya kisima cha chumvi mara nyingi hawaanguliwi.

Hatua ya 2: Chota kwa juhudi iliyo sawa

Wavu si lazima uagize nje. Fundi wa kuchomelea akukunjie nondo nyembamba iwe umbo la herufi D, upana wa sentimita 30, aunganishe na mpini. Fundi cherehani ashone mfuko wa kitambaa chenye matundu ya nusu milimita. Chandarua hakifai: matundu yake yanazidi milimita moja, mabuu wadogo wanapita wanakuaga.

Kwenye maji yanayotiririka, tega mdomo wa wavu ukitazama maji yanakotoka, kisha chokonoa mawe na mchanga kwa mguu mbele yake, dakika tatu kwa kutazama saa. Kwenye lambo, vuta wavu kwenye magugu mara kumi, mita moja kila mvuto. Namba zenyewe si amri. Amri ni kwamba ulichofanya Hombolo ukifanye vilevile Bahi, vinginevyo ukipata spishi nyingi zaidi mahali pamoja hutajua kama ni bioanuwai au ni mkono wako uliochangamka.

Kila kituo andika: tarehe, saa, GPS, joto la maji, pH, upitishaji umeme, aina ya ukingo, kama kuna mifugo, dawa za shamba au mifereji ya majitaka. Upitishaji umeme usiuruke. Maji ya katikati ya nchi huwa na chumvi kuliko watu wanavyodhani, mpaka unafika Singidani pale Singida ambako ziwa zima ni la chumvi, na orodha ya wadudu hubadilika kufuata chumvi hiyo.

Usalama nausema mara moja. Kichocho kinaingia kupitia ngozi, hasa mchana jua likiwa kali, kwa sababu ndipo konokono wenye vimelea huviachilia. Vaa gambuti ndefu na glavu za mpira zinazofika kiwikoni, usizame kupita gambuti, na ukilowa jifute ukauke papo hapo. Mtera kuna mamba na viboko. Usiingie majini bila mvuvi wa eneo hilo kukuambia pa kusimama.

Hatua ya 3: Ithanoli na lebo

Hapa ndipo kazi inapofia, kwa hiyo soma taratibu.

Tumia ithanoli ya asilimia 95 au zaidi. Formalini hapana, hata tone: inazifunga na kuzikatakata nyuzi za vinasaba. Spiriti ya dukani ina maji na viungo vingine, usiitegemee. Kwa kila ujazo mmoja wa mnyama weka ujazo kumi wa ithanoli. Usijaze wadudu kama dagaa kwenye kopo. Mwili wa mdudu wa majini ni maji matupu, na maji hayo yakitoka yanaipunguza makali ithanoli yako mpaka inakuwa pombe ya kawaida. Kwa sababu hiyo hiyo, badilisha ithanoli kabla saa 24 hazijaisha. Mtu akiniuliza nimpe agizo moja tu la kwenda nalo uwandani, ni hilo la kubadilisha.

Konokono wana ukaidi wao. Akihisi ithanoli anajirudisha ndani, na wale wenye kifuniko, kama Lanistes, wanafunga mlango kabisa. Nje umemhifadhi, ndani anaoza. Mpige picha kwanza, kisha toboa gamba kidogo ili ithanoli ipite. Bakiza wachache wasiotobolewa kwa ajili ya wataalamu wa magamba. Kaa wa maji baridi ni mkubwa mno, mkate mguu mmoja uutie kwenye kichupa chake, na namba ya mguu iwe namba ya kaa.

Lebo: karatasi nzito, penseli, inaingia NDANI ya kichupa. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu ya msimu wangu wa kwanza. Nilikuwa na vichupa 64, stika nzuri nje, maandishi ya kalamu ya wino. Vifuniko viwili vilikuwa vimelegea. Bodaboda ikatikisa kilomita arobaini za rasta, ithanoli ikavuja ikalowesha sanduku zima, na nilipofungua mjini nilikuta stika zimeogelea chini na wino umekuwa maji ya bluu. Wanyama wote wazima, hakuna hata mmoja mwenye anwani. Mnyama asiye na mahali wala tarehe hana kazi kwenye utafiti huu. Nilirudi kuchota upya, na lambo mojawapo lilikuwa limeshakauka.

Penseli haitoki kwenye ithanoli. Andika namba isiyojirudia, mfano HMB-031, mahali, tarehe na mkusanyaji. Namba hiyo hiyo iwe kwenye daftari, kwenye jina la picha, kwenye kichupa cha mguu, kwenye kila jedwali mpaka mwisho. Vichupa vikae kwenye deli lenye barafu au angalau kivulini, visiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani. Na ithanoli inawaka moto: mwambie dereva ulichobeba, isiwekwe karibu na injini, na pasiwe na mvuta sigara.

Hatua ya 4: Tambua kwa jicho, kisha toa mguu

Rudi na utenganishe wanyama kwa makundi chini ya darubini. Ukishazoea, mabuu wa kereng'ende unawajua kwa taya la chini linalokunjika na kufyatuka kukamata windo. Wadudu wa siku moja kwa matamvua ya kupumulia ubavuni na mikia ambayo kwa kawaida ni mitatu. Piga picha kila mnyama utakayemsoma, juu na ubavuni, na rula ndogo pembeni.

Nchi tayari ina mfumo wa kupima afya ya mito kwa kutumia wadudu hawa, TARISS, unaoishia kiwango cha familia. Ujifunze. Bakodi haifuti jicho. Mtu asiyeweza kutofautisha ruba na buu wa nzi atafurahia jibu lolote kompyuta itakalompa.

Kisha chukua kipande kidogo: mguu mmoja wa mdudu, kipande cha unyayo wa konokono chenye ukubwa wa punje ya mchele au pungufu. Usichukue tumbo. Buu wa kereng'ende ni mla nyama, na tumboni mwake mna vinasaba vya aliowala jana. Utasoma chakula badala ya mlaji. Kati ya mnyama na mnyama, futa kibano, kichovye kwenye ithanoli, kipitishe kwenye moto wa kibatari cha spiriti. Mwili uliobaki unarudi kwenye kichupa chenye namba yake. Huo mwili ndio shahidi wako.

Hatua ya 5: Toa vinasaba kwa njia ya bei nafuu

Kiti za kiwandani (“kit”, yaani seti za dawa zilizoandaliwa tayari) ni nzuri na ni ghali. Kwa miguu ya wadudu na viumbe wadogo, njia ya alikali inatosha mara nyingi. Kausha mguu juu ya karatasi safi mpaka ithanoli iishe, uweke kwenye mikrolita 50 za hidroksidi ya sodiamu ya milimola 50, pasha nyuzi 95 kwa dakika 30, poza, kisha ongeza mikrolita 5 za Tris ya mola 1, pH 8, kutuliza ukali. Umemaliza.

Konokono wanakataa njia hii. Ute wao una sukari ndefu zinazoshikana na vinasaba na kuizuia PCR, yaani hatua ya kukinakili kipande cha vinasaba mara nyingi sana kwa mashine, isifanye kazi. Kwao tumia kiti au njia ya CTAB, sabuni ya maabara inayotenganisha vinasaba na ute, na ukishindwa, punguza makali: chukua mikrolita moja ya vinasaba, ongeza tisa za maji safi, jaribu tena. Inashangaza ni mara ngapi huo ufukara wa vinasaba unasaidia, kwa kuwa ute nao unapungua.

Hatua ya 6: PCR

Ukikosa mashine ulipo, maabara za molekuli zipo kwenye vyuo vikuu kadhaa nchini, SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, ikiwa mojawapo. Omba nafasi mapema. Praima, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyoonyesha mahali pa kuanzia kunakili, zinazotumika zaidi kwa wanyama wasio na uti wa mgongo zilitangazwa mwaka 1994:

LCO1490: GGTCAACAAATCATAAAGATATTGG
HCO2198: TAAACTTCAGGGTGACCAAAAAATCA

Kwa kichupa cha mikrolita 25: mchanganyiko mkuu wenye kimeng'enya, wa nguvu mara mbili, mikrolita 12.5, kila praima ya mikromola 10 mikrolita 1, maji 8.5, vinasaba 2. Mashine ipange hivi: nyuzi 94 dakika 1, mizunguko 5 ya 94 kwa sekunde 40, 45 kwa sekunde 40, 72 kwa dakika 1, kisha mizunguko 35 ile ile ila 51 badala ya 45, mwisho 72 kwa dakika 5. Mizunguko mitano ya mwanzo inazipa praima nafasi ya kushika hata pasipolingana sawasawa, halafu unakaza. Umeme ukikatika katikati, anza upya na vichupa vipya. Kama huna UPS, betri ya akiba, fanya usiku.

Kila safari weka kichupa kimoja kisicho na vinasaba, maji tu. Mara ya kwanza nilipopima kwenye jeli nikaona mstari unang'aa kwa kichupa hicho, dalili kwamba kina vinasaba, nilijidai sikuuona. Nilisoma sampuli kumi na mbili kwa pesa halisi, na saba zilirudi zikiwa za binadamu. Bila shaka ni mimi mwenyewe.

Praima hizi zikigoma kwa kundi fulani, konokono mara nyingine hufanya hivyo, zipo zilizorekebishwa zenye herufi za kubadilika. Jaribu hizo kabla ya kumlaumu mnyama.

Hatua ya 7: Jeli na kusomesha

Pitisha mikrolita 3 kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1.5. Unatafuta mstari mmoja safi, karibu na besi 710: zile 658 pamoja na praima mbili. Mistari miwili usiitume. Mstari hafifu rudia. Iliyo safi safisha na tuma kwa wasomaji wa njia ya Sanger, pande zote mbili kama mfuko unaruhusu, maana upande mmoja unaposhindwa wa pili unakuokoa.

Hatua ya 8: Mbele ya kompyuta

Usikimbilie kutafuta jina. Fungua kwanza mchoro wa vilele wanaokurudishia wasomaji, kila kilele herufi moja, uone kwa macho yako. Herufi 20 au 30 za mwanzo karibu kila mara ni vurugu, kata. Toa praima pande zote. Vilele viwili mahali pamoja, sehemu nyingi, ni dalili ya wanyama wawili kwenye kichupa au nakala ya uongo.

Nakala ya uongo ndiyo mtego mkubwa. Vipande vya mitokondria viliwahi kuhamia kwenye kiini cha seli, vikalala humo bila kazi, vikiharibika taratibu. Praima zinaweza kuvishika. Namna ya kuvinasa ni kutafsiri herufi zako kuwa protini kwa kutumia msimbo wa mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo, jedwali namba 5. Kwenye jedwali hilo TGA ni triptofani. Ukisahau ukatumia jedwali la kawaida, TGA inasomeka kama alama ya kuacha na utatupa sampuli nzuri zote. Nimeshaona mtu amefika hatua ya kulia. Alama halisi za kuacha hapa ni TAA na TAG. Zikitokea katikati ya kipande chako, au herufi ikaongezeka au kupungua kwa idadi isiyogawanyika kwa tatu, hiyo si COI inayofanya kazi.

Ndipo utafute BOLD, hifadhi ya dunia ya bakodi, na BLAST, chombo cha kulinganisha maandishi, kwenye GenBank, hifadhi nyingine ya vinasaba. Kwanza ondoa aibu: binadamu, samaki, au Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya wadudu. Kinachobaki kiangalie hivi. Ukifanana kwa asilimia 98 hadi 100 na sampuli iliyotambuliwa na mtaalamu, jina lina uzito, hasa kama sampuli hiyo imetoka Afrika Mashariki. Ukiwa kwenye 90 au chini, usikope jina la wa kwanza kwenye orodha. Hiyo ni sawa na kumpa mgeni jina la jirani kwa sababu wamevaa kofia moja. Andika jenasi au familia, na kundi lako liite kwa namba.

Kanuni ya asilimia 2 au 3 kama mpaka wa spishi inafaa kuanzia, hasa kwa wadudu. Kwa konokono iwekee shaka, spishi moja inaweza kutofautiana zaidi ya hapo. Na hao ndio wenye faida ya haraka kwa watu: Bulinus globosus na Bulinus nasutus wanafanana magamba kiasi kwamba hata mzoefu anasita, wakati kujua yupi kati yao yumo kwenye lambo ndilo swali la mtu wa kichocho. COI nayo kwa kawaida inarithiwa kwa mama peke yake, kwa hivyo machotara watakupita bila kukujulisha. Ukishuku, soma na kipande kimoja cha vinasaba vya kiini cha seli, kama kile kiitwacho ITS.

Kundi la mabuu likibaki bila jina, rudi usiku. Tundika shuka jeupe kando ya maji, washa taa ya betri nyuma yake jua likishazama, na kusanya wadudu wazima wanaotua. Soma mguu mmoja wa mdudu mzima. Herufi zake zikilingana na za buu wako, unaye sasa dume mwenye mabawa ambaye mtaalamu anaweza kumpa jina, na jina hilo linamshukia buu papo hapo. Hakuna sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko hiyo, ingawa mbu nao wanaipenda.

Kuhusu kusaga sinia zima na kusoma vyote kwa pamoja, au kuchuja maji tu na kusoma vinasaba vinavyoelea: njia zipo, zina kasi, na zinafaa kulinganisha vituo vingi. Lakini zinategemea hiyo hiyo daftari la duka. Pale ambapo rafu ni tupu utapata orodha ndefu ya namba. Pia idadi ya maandishi unayosoma haikuambii walikuwepo wadudu wangapi. Katikati ya Tanzania ningeanza na mmoja mmoja.

Hatua ya 9: Weka hadharani, tunza shahidi

Kwenye BOLD pandisha picha, GPS, tarehe, mkusanyaji, aliyetambua, praima, mchoro wa vilele na maandishi yenyewe. Ili yahesabike kama bakodi kamili, yawe na besi zisizopungua 500 na herufi zisizosomeka chini ya asilimia 1. Mfumo utaiweka sampuli kwenye kundi lenye namba, na namba hiyo unaweza kuitumia kwenye ripoti hata kabla spishi haijapata jina. Jina likirekebishwa baadaye, herufi zinabaki zilezile.

Peleka nakala ya matokeo kijijini kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na picha kubwa ya konokono.

Miili iliyobaki iweke mahali penye mwenyewe, makumbusho au mkusanyo wa chuo, ithanoli mpya, giza, baridi. Vipande vya mguu na vinasaba vikae kwenye friji la nyuzi 20 chini ya sifuri. Kila baada ya miezi sita fungua kabati, inua kichupa kimoja kimoja kwenye mwanga, angalia kiwango. Ithanoli inapanda na kutoroka hata kwenye kifuniko kilichokazwa, na joto la Dodoma la Novemba haliisaidii. Jaza palipopungua, hakikisha penseli bado inasomeka, kaza kifuniko, funga kabati.